Dari inapotokwa na jasho

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuamshwa usiku wa manane na tone la maji lililokudondokea usoni, ukatoka nje kuangalia mvua, ukakuta nyota zimejaa mbingu nzima wala hakuna hata wingu moja? Ikiwa hujawahi, basi keti kitako nikusimulie yaliyompata mama yangu mzazi huko Mtwapa mwezi wa Februari.

Kaka yangu mkubwa amefanya kazi katika nchi za Ghuba kwa miaka mingi. Kama walivyo wengi wa watoto wa Pwani walioko huko, akiba yake ya kwanza ilikwenda katika kumjengea mama nyumba. Mama naye hakuwa na masharti mengi. Jikoni liwe na dirisha kubwa, choo kisiwe mbali, na chumba chake cha kulala kisitiwe kiyoyozi. Anasema upepo wa kiyoyozi unamwingia mifupani na mngurumo wake unamnyima usingizi. Isitoshe, mama ana pumu, na kila alipolala penye kiyoyozi kisichosafishwa aliamka akikohoa.

Kaka akawaza na kuwazua. Katika jengo alilokuwa akifanya kazi aliona jambo lililomvutia. Vyumba vilikuwa na ubaridi mzuri lakini hapakuwa na upepo wala kelele. Alipouliza akaambiwa kwamba ndani ya dari mmepitishwa mabomba membamba, na ndani ya mabomba hayo maji ya baridi yanazunguka mchana kutwa. Hapo hapo akasema, hiki ndicho chumba cha mama.

Huenda unajiuliza dari baridi itampozaje mtu aliyelala chini bila upepo kuvuma. Mwili wa binadamu hutoa joto lake kwa njia kadhaa, na sehemu kubwa huondoka kama miale isiyoonekana kwa macho, ikielekea kwenye kitu chochote kilicho baridi kuliko ngozi. Ukikaa karibu na jiko la makaa, uso unahisi moto hata kama hewa ya nje ni baridi. Kinyume chake, ukiingia katika msikiti wa kale wenye kuta nene za matumbawe unahisi umeburudika hata kabla upepo haujakufikia. Kuta zile zinapokea joto lako. Dari yenye maji baridi hufanya kazi iyo hiyo, ila kwa msaada wa pampu na mashine ya kupoza maji iliyowekwa nje.

Basi fundi akatafutwa, mabomba yakapitishwa juu ya dari ya jipsam, mashine ikawekwa nyuma ya nyumba. Siku za mwanzo mama alikuwa hasemi lingine. Alisema ni kama kulala chini ya mwembe. Kaka akafurahi mno, na kwa furaha hiyo akatenda kosa ambalo hata mimi ningelitenda. Alimpigia fundi simu akamwambia ateremshe zaidi kiwango cha maji, yawe na nyuzijoto 16, ili mama apate baridi ya kweli msimu huu wa kaskazi.

Siku chache baadaye matone yakaanza.

Mama alidhani paa linavuja. Akamwita fundi wa mabati, ambaye alipanda juu, akagonga huku na huko, hakuona tundu, akachukua malipo yake akaenda zake. Matone yakaendelea. Mama akasogeza kitanda, yakamfuata. Juu ya jipsam pakatokea doa la rangi ya chai, kisha lingine, na pembeni mwa ukuta, nyuma ya kabati la nguo, pakaota madoadoa meusi yenye harufu ya gunia lililoloa.

Mimi nilipofika kumjulia hali nilimkuta amelala sebuleni juu ya mkeka. Nilipomuuliza akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba kaka yupo chumba cha pili na si ng'ambo ya bahari, "Mwanangu, usimwambie kakako. Ametumia pesa nyingi."

Na kifuani alikuwa akipiga miluzi ya pumu.

Nakuomba, msomaji, ulitazame jambo hili la dari kwa makini hata kama nyumbani kwako hamna bomba hata moja la namna hiyo. Kanuni inayotawala chumba cha mama yangu ndiyo inayotawala chumba chako, uwe Likoni au Umoja.

Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani. Baada ya dakika chache nje ya chupa panajaa maji. Hayo hayakutoka ndani ya chupa, maana kioo hakivuji. Yalikuwa hewani tangu mwanzo, yakiwa mvuke usioonekana, na yalipokutana na kitu baridi yakageuka kuwa maji. (Usichanganye na mtungi wa udongo. Mtungi nao huloa kwa nje, lakini maji yale yanatoka ndani yake, yanapenya udongo na kukauka hewani, na huko kukauka ndiko kunakoyapoza maji yaliyobaki. Mtungi unatoa maji, chupa inayapokea.)

Kila hewa ina kiwango chake cha ubaridi ambacho kikifikiwa mvuke unageuka kuwa matone. Tukiite kiwango cha umande. Hewa kavu ina kiwango cha chini, kwa hiyo hata kitu baridi sana hakiloi. Hewa yenye unyevu mwingi ina kiwango cha juu, na hapo hata kitu chenye ubaridi wa kadiri kitatokwa na jasho. Hewa yenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 75, jambo la kawaida kabisa Pwani, ina kiwango cha umande cha nyuzijoto 25 hivi. Yaani kitu chochote kilicho chini ya 25 kitaloa. Sasa fikiria dari yenye maji ya 16.

Sikutaka mama anisadiki kwa maneno matupu, na kusema kweli mimi mwenyewe nilitaka kuona. Mpwa wangu anayesoma shule ya upili alituletea kipimajoto cha maabara alichonunua dukani. Tukachukua mkebe wa maziwa unaong'aa, tukaupangusa vizuri, tukatia maji ya bomba, kisha tukawa tunatia vipande vidogo vya barafu kimoja kimoja huku tukikoroga. Mama alishika tochi. Kazi yetu ilikuwa kutazama nje ya mkebe. Kwa muda mrefu haukubadilika. Kipimajoto kilipofika 24, mng'ao wa mkebe ukapotea kana kwamba mtu ameupulizia pumzi. Mpwa wangu alipitisha kidole, kikaacha mstari.

Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha umande cha chumba cha mama usiku ule: nyuzijoto 24. Maji ya darini yalikuwa na 16. Tofauti ya nyuzi 8 nzima! Mama alitazama mkebe, akatazama dari, akasema, "Kumbe fundi wa mabati nilimpa pesa za bure."

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mnaweza kulifanya jaribio hili nyumbani kwa gharama ndogo. Mkebe lazima ung'ae na barafu itiwe polepole, la sivyo mtaupita ule wakati wenyewe bila kuuona.

Huenda ukauliza, maji yote hayo yanatoka wapi? Chumba cha mama kina meta 4 kwa 4, na kimo cha meta 3. Hewa iliyomo, ikiwa na nyuzijoto 28 na unyevu wa asilimia 80, imebeba yapata lita moja ya maji. Mtu aliyelala hutoa kama gramu 40 za maji kwa saa kwa pumzi na ngozi yake, hivyo watu wawili wakilala saa nane wameongeza zaidi ya nusu lita. Lakini chanzo kikubwa ni dirisha. Mama yangu, kama wanawake wengi wa Pwani wa rika lake, haamini chumba kilichofungwa. Kila usiku alifungua madirisha yote mawili hewa safi iingie, na hewa hiyo ya bahari ilikuwa ikileta maji mapya saa zote. Dari ikayavuna.

Nilipompigia kaka simu (ndiyo, nilivunja agizo la mama, na nitaeleza) jibu lake la kwanza lilikuwa la hasira. "Mbona huku haivuji? Na huku joto ni kali kuliko huko!" Nikamuuliza swali moja tu. Madirisha ya jengo lile yanafunguliwa? Akanyamaza. Hayafunguliwi. Na hewa inayoingizwa mle ndani hupitishwa kwanza katika mitambo ya kuikausha. Kaka aliiona dari, hakuiona mitambo ile, maana imefichwa juu ya paa.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Kupoza chumba na kukausha hewa ni kazi mbili. Kiyoyozi cha kawaida huzifanya zote kwa pamoja, na ndiyo maana tumezoea kudhani ni kazi moja. Ndani yake mna koili baridi. Hewa ikipita hapo inapoa na wakati huo huo inaacha maji yake, ambayo yanatiririka nje kupitia ule mpira unaoninginia ukutani. Ukitumia dari ya maji baridi umechukua kazi ya kwanza ukaiacha ya pili bila mwenyewe.

Tena historia inaonyesha kwamba kazi ya kukausha ndiyo iliyotangulia. Mwaka wa 1902 mhandisi Mmarekani Willis Carrier aliunda mtambo wake maarufu kwa ajili ya kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn, New York. Shida yao haikuwa jasho la wafanyakazi. Karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea kwa sababu ya unyevu hewani, rangi moja ikawa haikai sawa juu ya nyingine. Sisi tunaoishi kwa magazeti tunapaswa kuukumbuka mwaka huo.

Wale walioufanikisha mfumo wa maji baridi katika nchi za joto hawakuisahau kazi hiyo ya pili. Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi mjini Bangkok, uliofunguliwa mwaka wa 2006, una mabomba ya maji baridi chini ya sakafu, na Bangkok ni mji wenye unyevu kama Mombasa. Lakini pamoja na sakafu ile, hewa iliyokaushwa huingizwa kutoka chini ili sakafu isiwe utelezi. Kampuni ya Infosys huko Hyderabad, India, ilijenga mwaka wa 2011 jengo la ofisi lililogawanywa nusu kwa nusu, upande mmoja ukiwa na viyoyozi bora vya kawaida na upande wa pili mabomba ndani ya zege. Upande wa mabomba ulitumia umeme pungufu kwa asilimia 34. Ni faida kubwa, nami siidharau. Lakini hata huko hewa ya kupumua huletwa ikiwa imekaushwa tayari. Na huko Singapore watafiti walijaribu njia ya tatu, ambayo waliichapisha mwaka wa 2020: vibao baridi vilivyofunikwa kwa utando mwembamba unaopitisha miale ya joto lakini unaozuia hewa yenye unyevu isiguse sehemu baridi. Vibao hivyo viliwapoza watu hata mahali palipokuwa wazi, bila matone. Wazo zuri sana, ila bado si kitu utakachokikuta kwa fundi wa Mtwapa.

Sasa turudi kwa kaka na mama. Nilivunja agizo kwa sababu ya kile kifua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka wa 2009 mwongozo mzima kuhusu unyevu na kuvu majumbani, na linasema wazi kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari zaidi ya kupatwa na matatizo ya kupumua, pumu ikiwemo. Wala kuvu haingoji matone. Ukuta ukikaa muda mrefu ukiwa umezungukwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 80 hivi, inaweza kuota hata kama hujaona tone moja. Ndiyo maana ya yale madoa nyuma ya kabati, mahali ambapo hewa haizunguki.

Kaka alinyamaza simuni kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Analala wapi?" Nikamwambia sebuleni, kwenye mkeka. Sitayarudia maneno aliyosema baada ya hapo, ila hayakuwa ya hasira tena.

Tulianza kwa kuzima mtambo wote na kungoa sehemu ya jipsam. Juu yake tulikuta jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alijue. Mabomba yaliyogusana na dari yalikuwa yameloa, lakini yaliyoloa zaidi ni yale ya kuleta maji kutoka nje, pamoja na viungo vyake, ambayo fundi hakuyavika mpira wa povu. Hayo ndiyo baridi kuliko yote, kwa kuwa maji bado hayajapokea joto la chumba. Bomba la maji baridi lisilovikwa vizuri, na mpira wenyewe ukiwa na mwanya hata wa upana wa kidole, litavuja jasho usiku na mchana mahali usipopaona. Fundi alirudi, akayavika yote na kuziba viungio kwa gundi na utepe. Vipande vya jipsam vyenye kuvu tulivitupa. Kuvipaka rangi juu ni kujidanganya, madoa yangalirudi kabla ya Ramadhani.

Halafu ikanunuliwa mashine ya kukausha hewa. Ni kama sanduku la magurudumu, linavuma kama jokofu, na lina ndoo ndani ya kukusanya maji. Ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji sana: inatoa joto. Kwa hiyo mama huiwasha kwa nguvu kuanzia saa kumi na mbili jioni yeye akiwa sebuleni, madirisha yamefungwa, kisha saa tatu huipunguza iwe kwa kiasi kidogo usiku kucha. Ukutani tumetundika kipima unyevu kidogo. Hakuna kuwasha pampu ya dari mpaka kipimo kishuke hadi asilimia 55. Kukausha kwanza, kupoza baadaye. Ukibadilisha mpangilio huo, umerudi kwenye matone.

Na maji ya darini hayana tena nyuzijoto 16. Chumba chenye nyuzijoto 26 na unyevu wa asilimia 55 kina kiwango cha umande cha kama 16 na nukta kidogo. Tukaweka maji 19. Mafundi waangalifu huacha nafasi ya nyuzi 2 hivi juu ya kiwango cha umande, sisi tukaongeza moja kwa kuwa mtu anayefungua mlango ni mama, si mhandisi. Kwenye bomba lile linaloingia kwanza, lililo baridi zaidi, fundi amefunga kifaa kidogo kinachotambua unyevu. Likianza tu kuloa, pampu inazimika yenyewe. Kifaa hicho kilipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza. Ningekuwa mimi mwenye pesa, singemlipa fundi salio lake kabla sijakiona.

Umeme ukikatika, mambo yanakuwa hivi: pampu inasimama, mashine ya kukausha inasimama, chumba kinaanza kupata joto, na jambo la kwanza ambalo mtu hufanya ni kufungua dirisha. Lakini dari bado ni baridi. Hewa ya nje ikiingia wakati huo inakuta kitu cha kuganda juu yake. Tumemwomba mama angoje, aguse ukuta karibu na dari kwa mkono, na afungue dirisha pale tu anapohisi baridi imekwisha. Na umeme ukirudi, aanze tena na kukausha.

Najua utaniuliza swali ambalo mama aliniuliza kwa ukali wake wa kawaida. "Kama ni lazima nifunge madirisha, niwashe sanduku linalovuma, na nitazame saa ya ukutani kila jioni, basi faida ya dari hii ni ipi?" Kwake yeye faida ipo: halali katika upepo, na mngurumo wa usiku ni mdogo kuliko wa kiyoyozi. Lakini wewe ambaye hujajenga, nami naishi kwa mshahara kama wewe, ningekushauri uanze na mambo ambayo babu zetu wa Pwani waliyajua. Dari ndefu, paa linalotoa kivuli mbali na ukuta, madirisha yanayotazamana ili upepo wa bahari upite, na feni. Feni haipozi kitu chochote, kwa hiyo haiwezi kuleta jasho la dari. Ukiamua kuweka kiyoyozi, usinunue kikubwa kupita chumba. Kikubwa kinapoza haraka na kuzimika kabla hakijakausha hewa, nawe unalala katika chumba chenye baridi ya pango.

Wakazi wa Nairobi nao wasidhani hadithi hii ni ya Pwani peke yake. Huku hatuna haja ya dari ya maji baridi, ukuta wenyewe unatosha. Mwezi wa Julai familia ya watu watano inalala katika chumba kimoja au viwili, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi, uji umepikwa mle mle na nguo zimeanikwa kwenye kamba. Hewa ya ndani ikiwa na nyuzijoto 19 na unyevu wa asilimia 70, kiwango chake cha umande ni 13 na nukta kidogo. Ukuta wa nje usiku wa Julai unaweza kufika hapo. Basi unaamka asubuhi vioo vya madirisha vinatiririka, na nyuma ya kitanda ukuta umekuwa mweusi. Dawa ya Nairobi, hata hivyo, ni kinyume cha ile ya Mtwapa. Hewa ya nje huku, ikiwa baridi, huwa na maji machache kuliko ya ndani, kwa hiyo kulifungua dirisha kidogo asubuhi na wakati wa kupika kunakausha chumba. Huko Mtwapa kufungua kunaloesha. Sogeza pia kitanda na kabati mbali na ukuta wa nje, hata kwa upana wa kiganja.

Kaka alikuja likizo mwezi wa Mei. Usiku wa kwanza alikataa kitanda alichoandaliwa, akatandika mkeka chumbani kwa mama chini ya dari yake, akalala akiitazama kwa tochi kama mlinzi wa benki. Haikudondosha kitu. Asubuhi mama alitoka na ile ndoo ya mashine ya kukausha, ambayo hujaa lita nne hivi kwa usiku mmoja, akaenda moja kwa moja hadi kwenye miasumini yake iliyo kando ya ukuta. Alikuwa ameshaniambia kwamba maji hayo hayanyweki, wala hayapikiwi, lakini maua yanayapenda. Alipomaliza kumwagia alimpa kaka ndoo tupu.

"Kesho zamu yako," akamwambia.